Gari Hili Lilibuniwa kwa Ajili ya Nani?

Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikitoa mfano wa waridi na miiba yake, asali na nyuki wake, na wanafunzi wakaiandika daftarini kama walivyoandika nyingine nyingi. Lakini mimi mwenyewe sikuielewa sawasawa hadi asubuhi moja ya mwezi wa Juni nilipokabidhiwa usukani wa gari la fahari, niliendeshe kutoka Lodwar hadi Kakuma. Msomaji aniwie radhi iwapo leo nitaanza na habari za injini na magurudumu. Nitayafikia ya shule na ya wanadamu baadaye, kwani yote yalikuwa katika safari moja.

Mwenye gari ni kijana niliyemfundisha Kiswahili hapa Lodwar. Ni mzaliwa wa Turkana, na sasa ni mhasibu jijini Nairobi. Shule moja iliyo nje kidogo ya mji wa Kakuma ilikuwa imemwalika awe mgeni wa heshima katika siku ya kuwatuza wanafunzi, nami nikaalikwa kuhutubia. Alifika kwangu jioni ya kuamkia siku hiyo, gari limejaa vumbi la njia ya Kitale, na kulipopambazuka akalipangusa kwa kitambaa chepesi kama mtu anayempangusa mtoto uso. Kisha akaninyoshea ufunguo.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe uliyenitia njiani. Leo niendeshe."

Sikujua nicheke au nishukuru. Mimi ni mtu wa pikapu kuukuu, yenye mlango mmoja unaofunguliwa kwa kutokea ndani tu. Nilinawa mikono mara ya pili kabla ya kuketi.

Gari lenyewe ni Toyota Mark X, na wanafunzi wa kiume hawahitaji kuelezwa zaidi, maana nimelikuta limechorwa nyuma ya madaftari yao mengi. Lakini hebu tulijue nasaba yake. Mwaka 1968 kampuni ya Toyota ilitoa saluni iliyoitwa Corona Mark II, gari la mtu aliyepanda cheo lakini hajawa mkurugenzi. Ukoo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwishoni mwa mwaka 2004 ulipobadilishwa jina ukawa Mark X. Mwaka 2009 gari likabuniwa upya kuanzia bodi hadi viti, na sura yake ya mbele ikarekebishwa tena mwaka 2012 na mwaka 2016. Desemba 2019 uundaji wake ukakomeshwa. Hili la mwanafunzi wangu liliundwa mwaka 2018, likaletwa Kenya likiwa limekwisha kutumika Japani, kwa mujibu wa kanuni yetu isiyoruhusu kuingizwa nchini gari lililopita umri wa miaka minane.

Jambo moja katika ubunifu ule wa mwaka 2009 lilinivutia nilipoelezwa. Injini ya lita mbili na nusu, yenye silinda sita zilizopangwa kwa umbo la herufi V, katika toleo la kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 215. Katika toleo jipya ilipunguzwa hadi 203. Ajabu, sivyo? Kwa kawaida kila kipya hudai kumshinda cha zamani. Lakini wahandisi walikubali kupoteza nguvu hizo kumi na mbili ili injini iweze kutumia petroli ya kawaida badala ya ile ya bei ya juu. Kwa maneno mengine, walimfikiria mtu fulani: mtu anayependa mwendo, ila anahesabu fedha zake anapofika kituo cha mafuta. Naomba msomaji alishike neno hili, kwamba walimfikiria mtu fulani, kwa kuwa ndilo litakalotufikisha mwisho wa makala haya.

Tukaondoka saa mbili asubuhi. Lodwar huwa imekwisha kuwa tanuri saa hizo, na siku nyingi joto hupita nyuzi 35 mchana. Ndani ya gari lile hapakuwa na Lodwar. Kiyoyozi kilivuma kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea usingizini, na viti vya ngozi ya rangi ya maziwa vilinishika mgongo na mbavu. Injini haikunguruma, niliijua iko hai kwa kuutazama mshale tu. Tulipita bodaboda, tukapita wanawake waliobeba makuti ya mikoma na magunia ya makaa, tukauacha mji nyuma yetu, na vilima vyake vyeusi vya mawe vikazama polepole katika kioo.

Mtu asiyeijua historia ya mahali hapa hawezi kuonja ladha ya mwendo ule. Mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, serikali ya kikoloni haikumwachilia huru. Ilimleta Lodwar na kumwekea mipaka, akakaa hapa hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Kwa nini Lodwar? Kwa sababu haikufikika. Ukali wa adhabu ulikuwa katika umbali, na umbali wenyewe ulikuwa ukosefu wa barabara. Katika miaka ya 1980 lami iliyojengwa kwa msaada wa Norway ilitufikia kutoka Kitale, tukashangilia. Kisha miaka ikapita, malori yakapita, mafuriko yakapita, na lami ikabanduka vipande vipande hata madereva wakaona heri kupita kando yake, mchangani. Nakumbuka safari za Kakuma zilizotuchukua saa nne au tano, kwa msafara, askari wakiwa mbele na nyuma kwa hofu ya majambazi. Tulifika tukiwa weupe kama mizimu kwa vumbi, na figo zinauma.

Sasa sehemu kubwa ya njia hii imejengwa upya, chini ya mradi wa barabara kuu ya kuelekea Sudan Kusini uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120. Mwendo uliokula nusu ya siku umekuwa mwendo wa saa moja na nusu au mbili.

Katika barabara kama hiyo gari lile lilikuwa nyumbani. Usukani ulikuwa mwepesi tulipokuwa mjini, lakini kadiri mwendo ulivyoongezeka ukawa mzito kidogo mkononi, kana kwamba unaniambia, tulia, nimekushika. Gia sita zilibadilishana zenyewe bila mtikisiko. Nguvu husukuma magurudumu ya nyuma, hivyo katika kona gari halivutwi kwa pua, bali husukumwa kwa kiuno, na dereva huhisi kona nzima mgongoni mwake. Upepo wa ubavuni, ambao huiyumbisha pikapu yangu kama mlevi, haukulitikisa. Nilikanyaga mafuta kidogo tu, na gari likajinyoosha kama chui.

Nikamkumbuka mwalimu mkuu wetu wa zamani na Peugeot 504 yake. Wenzangu wenye umri watakubaliana nami kwamba hilo ndilo lililokuwa gari la fahari la mwalimu wa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa kuwa gari bora la mwaka 1969 barani Ulaya, baadaye likawa linaunganishwa papa hapa nchini, Mombasa. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, kama vile ndugu yake mkubwa, 404, alivyoshinda mara nne katika miaka ya 1960. Lakini 504 ya mwalimu mkuu haikuwa na ukimya huu. Ilinguruma, ikanuka petroli, na madirisha yake yalikuwa wazi daima kwa kuwa hapakuwa na kiyoyozi. Ilisimama juu ya springi ndefu, ikapita mashimoni kama ngamia. Naye mwalimu mkuu hakuweza kumpita mtu bila kusalimiwa, kwa sababu alikwenda polepole na kiwiko chake kilikuwa nje. Nilikuwa nikimwonea huruma kwa vumbi alilolila. Siku hiyo ya Juni nilikuja kuyatazama madirisha yale kwa jicho jingine.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuitumia darasani. Tuseme gari dogo linakwenda kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu. Kwa mwendo huo gari hula zaidi ya mita 30 katika kila sekunde. Mtu unayemwona akiwa umbali wa mita 150 umekwisha kumfikia kabla hujamaliza kuhesabu tano. Nami, nakiri mbele ya wasomaji, sikuwa nikienda 110. Nilipouangalia mshale ulikuwa umefika 130 bila ya mimi kujua, kwa maana ndani hamkuwa na sauti yoyote ya kunijulisha. Nikapunguza. Wala si kwa sababu ya sheria tu: mbuzi wa Turkana hawajasoma alama za barabarani, na ngamia akiingia njiani hutembea kama mwenye nyumba.

Tulikuwa tumepita zaidi ya nusu ya safari. Pande zote palikuwa na changarawe nyeusi na vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa jangwa la pili. Mbele, karibu na mahali ambapo laga hukata barabara, nikaona rangi: nyekundu ya shuka, na shanga nyingi shingoni. Mwanamke alikuwa amesimama kando ya lami. Mkono mmoja uliinuliwa. Mkono mwingine ulishika kitu kilichofunikwa kifuani.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Nilimpita.

Sitatafuta maneno ya kulipamba jambo hili. Niliona mkono, na nikaona kwamba alichokishika ni mtoto mkubwa, wa miaka mitatu au minne, ambaye miguu yake ilining'inia kwa namna ambayo miguu ya mtoto mzima haining'inii. Nikaona pia, kwa kasi ileile, viti vya rangi ya maziwa, suti ya mwenye gari, saa iliyo mkononi, hotuba iliyo mfukoni. Nikamtupia jicho mwanafunzi wangu. Alikuwa akitazama mbele. Kiyoyozi kikaendelea kunong'ona. Katika kioo rangi nyekundu ikawa nukta, kisha haikuwapo.

Hotuba yangu, kwa taarifa ya msomaji, ilikuwa na kichwa "Elimu na Utu".

Tulikwenda hivyo kilomita mbili au tatu, ambazo kwa gari lile si hata dakika mbili, lakini zilikuwa ndefu kuliko zile saa tano za zamani. Hatimaye nikakanyaga breki. Nazo breki za gari lile ni za kusifiwa: lilisimama pale pale nilipotaka, bila kuyumba, bila kulia. Nikageuza. Hakuna kati yetu aliyesema neno.

Mama yule hakuwa amesogea. Alipoona gari lile lile linarudi, uso wake haukuonyesha furaha wala lawama. Mwanafunzi wangu akashuka, akamsalimu kwa lugha yao, akamfungulia mlango wa nyuma. Mama akasita. Akaviangalia viti, akaviangalia vumbi la miguu yake, akaivua shuka yake ya juu ili aitandike kabla ya kuketi. Kijana akamzuia. Akamwambia jambo kwa Kiturkana, naye akaketi.

Mtoto alikuwa na homa tangu usiku wa kuamkia jana yake. Mama alikuwa ametoka manyatani kabla ya mapambazuko, akatembea hadi barabarani, na hapo akasimama. Magari manne yalikuwa yamempita, akasema. Kijana aliponitafsiria hivyo nilitaka kuuliza kama alituhesabu sisi pia katika hayo manne, lakini sikuthubutu.

Nitaendelea na ripoti yangu ya gari, kwani sasa ndipo nilipoliendesha kwa kweli. Tulizima kiyoyozi, maana mtoto alianza kutetemeka, tukafungua madirisha. Joto likaingia, na vumbi, na harufu ya mbuzi, na sauti ya magurudumu juu ya lami. Lodwar na Kakuma zikarudi ndani. Sikwenda kwa kasi ya kujifurahisha, bali kwa kasi yote ambayo sheria inaruhusu, na kila nguvu ya farasi kati ya zile 203 ikapata kazi. Katika laga, ambapo maji ya mvua za Mei yalikuwa yameacha tope na mchanga juu ya saruji, nilipita taratibu nikihofia lile tumbo la gari lililo karibu na ardhi. Springi zake ni ngumu. Zilitengenezwa kwa kona, si kwa mawe. Kila tuta lilipotugonga nilimsikia mtoto akiguna, na kila alipoguna mguu wangu ulijifunza zaidi. Nadhani sijapata kuendesha gari vizuri namna hiyo maishani mwangu.

Tuliwafikisha hospitali ya Kakuma, wauguzi wakampokea mtoto. Mama akamshika kijana mkono, akamwita mwanangu kwa lugha yake, kisha akaingia ndani bila kugeuka, kama anavyoingia mtu mwenye shughuli.

Tulibaki garini kimya. Ndipo kijana aliposema, akitazama mikono yake, "Mwalimu, nilimwona kabla yako. Nilikuwa nasubiri uamue wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeshika usukani."

"Nami," nikamjibu, "nilikuwa nasubiri uniambie wewe, kwa sababu gari ni lako."

Hivyo ndivyo watu wawili waliosoma wanavyoweza kumwacha mtoto mgonjwa njiani bila hata mmoja wao kukata shauri la kumwacha. Kila mmoja hujificha nyuma ya adabu ya mwenzake.

Kutoka hospitali hadi shuleni palikuwa na mwendo mfupi, lakini haukuwa na lami. Kakuma ni mji wa ajabu. Ulikuwa kituo kidogo kando ya laga ya Tarach hadi mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipowasili kwa maelfu na kambi ikafunguliwa. Tangu hapo wamekuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa upande wa magharibi, na leo wakimbizi na waomba hifadhi katika eneo hili wamezidi 250,000. Soko lake lina lugha nyingi kuliko chuo kikuu, na Kiswahili ndicho kinachoziunganisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa hapa kuna siku mgeni na mwenyeji wote wawili wanatafuta dawa.

Mita 300 kabla ya lango la shule, gari letu la fahari lilizama. Mchanga uliokuwa umelainika ulimeza magurudumu ya nyuma, yale yale niliyoyasifu katika kona, na kila nilipokanyaga mafuta yalizidi kujichimbia kaburi. Probox iliyojaa abiria na magunia ikatupita kando, dereva wake akatupigia honi ya huruma. Kisha wanafunzi wakatoka mbio, wavulana kwa wasichana, wa Turkana na wa kambini, katika sare zao za sherehe. Wakachimba kwa mikono, wakatandika matawi, wakasukuma wakiimba. Gari la nguvu za farasi 203 likatolewa mchangani kwa nguvu za watoto wasiopungua thelathini, na mgeni wa heshima akaingia shuleni kwa miguu, viatu mkononi.

Walilizunguka gari wakati wa mapumziko. Walikuwa wanalijua kuliko mimi: mwaka, injini, idadi ya gia. Mmoja wao, msichana wa kidato cha tatu, hakuuliza habari za mwendo. Alilizunguka mara moja, akainama akatazama chini yake, akainuka akaniuliza, "Mwalimu, gari hili lilitengenezewa nani?"

Nikamwambia lilitengenezewa Wajapani. Kwa kweli hawakufikiria hata kutuuzia sisi. Liliuzwa kwao nyumbani, na pia Uchina kwa jina la Reiz. Kwetu lilikuja kwa mlango wa mitumba.

"Basi si kosa lake kuzama," akasema. "Halikuambiwa kuhusu sisi."

Niliiacha hotuba mfukoni. Nilisimama nikawasimulia safari kama nilivyowasimulia wasomaji hapa, pamoja na yale niliyotamani kuyaficha, nikamwomba radhi kijana wangu kwa macho, naye akaitikia kwa kichwa. Kisha nikalitumia swali la yule msichana kuwa somo. Kila kitu kilichobuniwa na mwanadamu kilibuniwa kwa ajili ya mtu fulani. Mhandisi alipokaa mezani alimwona mtu huyo akilini. Peugeot 504 ilimwona mtu wa njia mbaya. Mark X ilimwona mtu wa njia nzuri, mwenye kupenda mwendo na kuhesabu fedha za mafuta. Barabara mpya ya Lodwar iliyaona malori ya bidhaa ziendazo Sudan Kusini. Vyote hivyo ni vizuri, wala sitamtukana mtu kwa kutengeneza kitu kizuri. Lakini hakuna kati ya hao aliyemwona mama aliyesimama kando ya laga na mtoto kifuani. Yeye hakuwamo katika mchoro wowote.

Je, nani atamtia katika mchoro? Siku ile ilikuwa kazi ya dereva, na dereva nusura ashindwe. Kesho itakuwa kazi yenu, nikawaambia, ninyi mnaochora magari nyuma ya madaftari. Mmoja wenu atakuwa mhandisi, aketi mezani na karatasi nyeupe mbele yake. Mwingine atapanga mahali pa kujenga zahanati, mwingine atapitisha bajeti ya barabara ndogo zinazotoka manyatani hadi kwenye ile kubwa. Siku hiyo jiulizeni kama alivyouliza mwenzenu: hiki kinatengenezewa nani? Na ni nani ambaye hakuambiwa kumhusu?

Baada ya kutoa zawadi tulipitia hospitali. Muuguzi alituambia kwamba mtoto ana malaria, ametundikiwa dawa, na joto limeanza kushuka. Mama alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, amelala kwa kuegemea ukuta. Hatukumwamsha.

Njia ya kurudi aliendesha mwenye gari. Jua lilikuwa likizama upande wa Uganda, na vilima vikawa na rangi ya zambarau. Alikwenda kilomita 80 kwa saa, madirisha wazi. Mara mbili alisimama: mara moja kwa mzee aliyekuwa akienda kuangalia ngamia wake, mara nyingine kwa walimu wawili wachanga waliokosa matatu. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na alama ya vumbi jekundu, yenye umbo la mtu aliyeketi na mtoto mapajani. Nilitarajia aipanguse tulipofika nyumbani. Alikitoa kile kitambaa chepesi, akaitazama ile alama, akakirudisha kitambaa mahali pake.

Kuna wasomaji watakaoniuliza, baada ya maneno yote haya, kama gari lile ni zuri. Ni zuri mno. Injini yake ni tulivu, mwendo wake ni wa kifalme, na kwa kipimo changu lilitumia lita moja kwa kila kilomita kumi hivi, jambo lisilo baya kwa silinda sita. Ila zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba liko karibu mno na ardhi. Ya pili ni kwamba ukifunga madirisha yake unakuwa mbali mno na watu. Ya kwanza itatibiwa na fundi. Ya pili haina fundi, nayo inampata mwenye Mark X, mwenye shahada, mwenye cheo, na mwalimu mwenye hotuba mfukoni.

Nilipoulizwa na kijana wangu ni sehemu gani ya gari iliyonipendeza kuliko zote, nilimjibu bila kufikiri. Nilimwambia, ni breki.